Namna ya Kuzielewa Nahau za Kiingereza, Hatua kwa Hatua

Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi ya usafi hotelini Dubai. Jioni moja alitutumia ujumbe wa sauti, furaha imemjaa: msimamizi wake amemwandikia kwamba ikifika mwisho wa mwezi wanamwachia aende. Sisi nyumbani tukajua kapewa likizo. Mama akaanza kupanga nani ataenda kumpokea uwanja wa ndege. Yeye naye akatoa akiba yake yote akanunua zawadi: mashuka, simu ya mama, viatu vya watoto wa dada. Ujumbe wenyewe, aliponionyesha baadaye, ulikuwa huu: “I'm afraid we'll have to let you go at the end of the month.” Alikuwa ameachishwa kazi.

Tazama maneno hayo. Hakuna hata moja ambalo mtoto wa darasa la sita halijui. Ndiyo maana yalimpotosha. Mimi hufundisha watu wazima Kiingereza jioni, na kabla ya siku ile nilikuwa nikianza somo la nahau kwa zile zenye paka, ndoo na mvua, kwa kuwa zinafurahisha. Siku hizi naanza na zile zinazoweza kumgharimu mtu mshahara wake. Mwongozo huu nimeuandika kwa anayekijua Kiingereza kiasi cha kufanyia kazi, lakini bado anaachwa njiani pale maneno anayoyajua yanapobeba maana asiyoijua.

Hatua ya 1: Itambue nahau inapopita

Zipo za aina mbili. Ya kwanza hujitangaza yenyewe, kwa kuwa ina picha isiyowezekana. Mtu akikwambia gari lake “cost an arm and a leg”, unamwona ana mikono na miguu yake yote, basi unajua kuna jambo jingine: gari ni la bei ya kutisha. Hapa huhitaji kufundishwa sana, maana kazi hii unaifanya kila siku kwa Kiswahili. Ukiambiwa jirani amepata jiko, huulizi kama ni la gesi au la mkaa. Unauliza harusi lini. Ukiambiwa fulani ana mkono wa birika, hutazami mkono wake. Dalili ya nahau hizi ni moja: kila neno unalijua, ila sentensi haikai.

Aina ya pili haina picha. Sentensi inakaa vizuri kabisa, ina maana ya kueleweka, na maana hiyo siyo. Hizi ndizo ninazokuomba uzishike kabla ya nyingine zote:

“Let someone go” ni kumwachisha mtu kazi. Mwajiri anakwepa kusema “fukuza”, kama sisi tunavyosema fulani amepumzishwa.

“I'm afraid” mwanzoni mwa sentensi mara nyingi haina hofu yoyote. Ni samahani, na inakuonya kwamba habari inayokuja si njema. Laiti mdogo wangu angeyajua haya mawili tu, angekaa chini kwanza kabla ya kuingia dukani.

“We'll bear it in mind” kwa maneno yake ni kwamba watalikumbuka. Baada ya usaili wa kazi au ombi la nyongeza ya mshahara, mara nyingi ni hapana iliyofunikwa kitambaa. Usikae ukisubiri simu, endelea kutafuta.

“With all due respect” hutangulia kupingwa. Anayekwambia hivyo yu karibu kukuambia umekosea, na pengine kwa ukali.

“He's between jobs” maana yake hana kazi. “Are you seeing anyone?” haiulizi kama unamwona mtu hapo ulipo; inauliza kama una mpenzi. “I could do with some water” si habari ya uwezo, ni mtu ana kiu na angependa umletee maji. Na mtu akikujibu “You're telling me!” kwa mkazo, hakulaumu kwamba unamsimulia, anakubaliana nawe kabisa, kwamba jambo hilo kalionja mwenyewe.

Namna ya kuzinasa hizi ni kutazama sauti na mahali. Kama mtu anasema jambo zito kwa maneno laini kuliko jambo lenyewe, simama. Jiulize: kwa nini bosi aniandikie barua rasmi kunipa ruhusa ambayo sikuiomba?

Hatua ya 2: Soma majirani zake

Usikimbilie kamusi. Soma sentensi iliyotangulia na inayofuata, kisha tafuta viungo: “but”, “so”, “because”. Tuchukue barua pepe ya ofisini ya kawaida:

“We missed the boat on the June tender, but I'm not throwing in the towel. The ministry liked our second proposal, so the ball is in our court. Send me a ballpark figure by Friday and we'll touch base.”

Anayesoma neno kwa neno ataona boti, taulo, mpira na uwanja, asione kazi. Anza na mwanzo. Zabuni ya Juni na boti iliyowapita: hakuna bahari hapa, basi boti ni nafasi, na nafasi hiyo imekwenda. Kisha inakuja “but”. Baada ya habari mbaya, “lakini” huleta kinyume chake, kwa hiyo “I'm not throwing in the towel” lazima iwe kitu kama sijakata tamaa. Umeipata maana bila kujua taulo limetoka wapi. Wizara imependa pendekezo la pili, “so”, kwa hiyo: mpira uko kwetu, yaani hatua inayofuata ni yetu. Mwisho anataka “a ballpark figure” kabla ya Ijumaa. “Figure” ni tarakimu, na pendekezo la zabuni lina gharama, basi anataka hesabu ya gharama. “Ballpark” inaongeza kwamba ni makadirio tu, si hesabu ya mwisho. “Touch base” ni kuwasiliana kwa ufupi.

Barua nzima, basi, inakudai kitu kimoja: makadirio ya gharama kufikia Ijumaa. Nimeona wafanyakazi wazuri wakikesha wiki nzima kutafuta bei kamili hadi ya misumari, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba neno “ballpark” linakupa ruhusa ya kukadiria.

Hatua ya 3: Uliza imetoka shamba gani

Ukijua nahau imetoka kwenye shughuli gani, maana hushika na haikutoki tena. Kiingereza kimevuna sana kwenye mashamba machache.

Ndondi ni mojawapo. Kocha akiona bondia wake anaumia, hutupa taulo ulingoni kusimamisha pambano. Ndiyo “throw in the towel”. Kupiga chini ya mkanda ni marufuku, ndiyo maana maneno ya kuumiza isivyo haki huitwa “below the belt”. Kengele inayomaliza raundi imezaa “saved by the bell”: umeokolewa dakika ya mwisho na kitu kilichotokea, si kwa nguvu zako.

Besiboli ndiyo mama wa “ballpark figure” na “touch base”, na ndiyo maana nahau za namna hiyo zilianza Marekani. Kriketi imetupa “hat-trick”: mrushaji aliyewatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo alizawadiwa kofia. Leo tunaitumia kwa mabao matatu, wala hatukumbuki kofia.

Mpira wa miguu nao bado unazaa. Septemba 2004 Chelsea ilitoka sare ya 0-0 na Tottenham nyumbani kwake Stamford Bridge, na kocha José Mourinho akalalamika kwamba wapinzani walileta basi wakaliacha mbele ya goli, kama wasemavyo kwao Ureno. Kutoka hapo “park the bus” ikaenea katika Kiingereza, na watangazaji wetu wakaipokea: leo ukisikia timu imepaki basi, hata asiyejua neno la Kiingereza anaelewa kwamba wamejazana nyuma kulinda. Nahau moja, lugha tatu, na bado inatembea.

Bahari nayo. Hapa watu wa pwani tuna bahati, kwa sababu na sisi tumejaza lugha yetu vyombo na upepo. Waingereza wakisema jambo ni “plain sailing”, sisi tuna neno shwari, na shwari ni hali ya bahari iliyotulia. Mambo yakiharibika tunasema yamekwenda mrama, kama chombo kinachoyumbishwa na mawimbi. “Learn the ropes” ni kujifunza kazi mpya, kwa kuwa baharia mgeni alianza kwa kuzijua kamba za matanga. Lakini angalia: “on the ropes” ni mtu aliye taabani, karibu kushindwa. Kamba hizi si zile. Hizi ni za ulingo wa ndondi, ambazo bondia aliyechoka huziegemea. Neno moja, mashamba mawili. Ukichanganya utampongeza mtu anayezama.

Biblia ni shamba kubwa, na wengi wenu mnalijua kuliko Waingereza wengi wa leo. “The writing on the wall” ni Danieli sura ya 5: vidole vinaandika ukutani mbele ya mfalme Belshaza, na usiku uleule anauawa. Kwa hiyo anayesema ameona “the writing on the wall” kuhusu kampuni yake ameona dalili za anguko, na anatafuta kazi kwingine. “By the skin of my teeth” ni Ayubu 19:20. Sisi tungesema amenusurika chupuchupu. “A drop in the bucket” ni Isaya 40:15, tone la maji ndooni, kitu kidogo mno mbele ya hitaji. “Go the extra mile” ni Mathayo 5:41, na katika matangazo ya kazi maana yake ni kufanya zaidi ya ulichoagizwa. “Wash your hands of it”, yaani kujitoa katika jambo ili lisikuhusu tena, ni Pilato aliyenawa mikono mbele ya umati.

Na historia. Waingereza husimulia kwamba mwaka 1801, kwenye vita vya Copenhagen, Nelson, kamanda wa wanamaji wa Uingereza, alipewa ishara ya kurudi nyuma, akaweka darubini kwenye jicho lake bovu na kusema haoni ishara yoyote. Ndiyo “turn a blind eye”, yaani kulifumbia macho jambo unalolijua. “Meet your Waterloo” ni kukutana na kushindwa kusikoinuka tena, kama Napoleon wa Ufaransa alivyoshindwa mwaka 1815 hapo Waterloo, Ubelgiji.

Hatua ya 4: Pima uzito

Kujua maana ni nusu. Nusu ya pili ni kujua nani anaruhusiwa kuisema wapi. “Kick the bucket” ni kufa, lakini ukiiandika kwenye salamu za rambirambi utaumiza familia nzima. Ni sawa na kusimama msibani ukasema marehemu amedanja. Kwa Kiswahili unajua bila kufikiri kwamba msibani tunasema amefariki, ametutoka, ametangulia mbele ya haki. Kwa Kiingereza mahali pa hayo ni “passed away”. Mwanafunzi aliyepewa orodha ya nahau na maana zake tu, bila uzito wake, amepewa kisu bila mpini.

Kila unapoandika nahau mpya daftarini, weka alama: ya ofisini, ya vijana, ya msibani, ya kijiweni. “Spill the tea” ni ya vijana na mitandao, kama mtaani kwetu Dar wanavyosema mwaga ubuyu. “Spill the beans” ni ya wote, na jirani yake wa Kiswahili ni kumwaga mtama penye kuku wengi.

Hatua ya 5: Vusha maana, acha maneno upande ule

Ukilazimika kutafsiri, usivushe mbao za daraja, vusha mtu. Jiulize: mtu wa kwetu angesema nini akiwa katika hali hiyohiyo? Mara nyingi jibu lipo tayari, tena tamu kuliko la Kiingereza. “No use crying over spilt milk”: maji yakimwagika hayazoleki. “A stitch in time saves nine”: usipoziba ufa utajenga ukuta. “Too many cooks spoil the broth”: manahodha wengi, chombo huenda mrama. “Out of the frying pan into the fire”: ameruka majivu, amekanyaga moto. “Don't burn your bridges”, ambayo watu huitafsiri kwa kuchoma madaraja, wazee wetu waliisema zamani: usitukane wakunga na uzazi ungalipo. “Butterflies in my stomach” kwetu si vipepeo, ni tumbo joto.

Sasa jihadhari na mahali ambapo lugha mbili zina kitu kimoja mkononi lakini zinakitumia kwa kazi tofauti. Chumvi ndiyo mfano ninaoupenda. Kwa Kiswahili, kutia chumvi ni kuongeza maneno yasiyokuwepo, na aliyekula chumvi nyingi ni mzee aliyeishi sana. Kwa Kiingereza, “take it with a pinch of salt” ni amri kwa msikilizaji: usiamini yote. Wamarekani husema “a grain of salt”. “Worth his salt” ni mtu anayeimudu kazi yake. “Salt of the earth” ni mtu mwema asiye na makuu, kutoka Mathayo 5:13. Na “rub salt into the wound” ni kumwongezea mtu maumivu. Sisi hapo hatuweki chumvi, tunaweka msumari wa moto. Chumvi ni ileile, na maana zote hizo ukizichanganya utasema usichokusudia.

Mkono nao hivyohivyo. Kwetu mwenye mkono mrefu ni mwizi, lakini serikali ikiwa na mkono mrefu ni kwamba hutaikimbia, na hapo tunaungana na Kiingereza, “the long arm of the law”.

Niseme wazi lililo moyoni. Linaniuma ninapomsikia mtu aliyezaliwa na kukulia Kiswahilini akisema “mwisho wa siku” akimaanisha hatimaye au kwa vyovyote vile. Hiyo ni “at the end of the day” iliyovuliwa nguo. Kwa Kiswahili mwisho wa siku ni magharibi, jua linapozama. Tunayo mengi ya kutumia: hatimaye, mwishowe, alimradi, liwalo na liwe.

Hatua ya 6: Jua anayesema ni wa wapi

Mfano mmoja unatosha. Uingereza, “to table a proposal” ni kuileta hoja ili ijadiliwe. Marekani ni kinyume kabisa: ni kuiweka kando isijadiliwe. Sisi tumefuata Waingereza; ratiba za Bunge la Tanzania zina hati za kuwasilisha mezani. Kwa hiyo Mtanzania au Mkenya kwenye kikao na Wamarekani akisikia “let's table this”, asifungue kabrasha lake. Hoja imefungwa kwa leo.

Hatua ya 7: Itumie kama ilivyo, na kwa uchache

Nahau haibadilishwi viungo. “Kick the pail” haina maana, ingawa “pail” pia ni ndoo. Hata kwetu huwezi kusema mtu ana mkono wa kettle ukaeleweka. Unachoweza kubadili ni wakati na nafsi ya kitenzi, basi.

Na usizijaze. Shuleni wengi wetu tulifundishwa kwamba insha nzuri ya Kiingereza ni ile yenye nahau katika kila mstari, na tabia hiyo hutufuata hadi kwenye barua za kuomba kazi. Mwajiri akisoma kwamba wewe ni “fit as a fiddle”, “burnt the midnight oil” na “left no stone unturned” katika aya moja, haoni ufasaha, anaona orodha iliyokaririwa. Katika barua ya kazi sitii hata moja. Kuzielewa zote ni haki yako. Kuzisema si lazima.

Daftari langu la nahau lina mistari mitatu kwa kila moja: sentensi nzima kama nilivyoisikia, nani aliisema na wapi, kisha maana kwa Kiswahili changu mwenyewe. Tano kwa wiki zinatosha. Kwa uhakika zaidi, tazama kamusi za wanaojifunza za Oxford au Cambridge, zinazosomeka bure mtandaoni. Tafuta kwa neno zito la nahau, si kwa “the” wala “in”, na usiondoke hapo bila kusoma mfano wa sentensi.

Hatua ya 8: Uliza kwa maneno ya wazi

Ukibaki na shaka kuhusu jambo la fedha, kazi, afya au mkataba, uliza. Usiulize “What does it mean?” peke yake, kwa kuwa unaweza kujibiwa kwa nahau nyingine. Sema ulivyoelewa, kisha omba uthibitisho: “Just to confirm, does this mean my contract ends on the 30th?” Swali la namna hiyo lina tarehe ndani yake, na jibu lake ni ndiyo au hapana. Daktari akikwambia upo “on the mend”, muulize: “So I am getting better?” Hakuna anayedharauliwa kwa kuuliza hivyo, wenye lugha yao huulizana hivyohivyo kila siku.

Mdogo wangu sasa ana kazi nyingine, palepale Dubai. Mwezi wake wa pili aliandikiwa: “We'll let you off early on Thursday.” Akaona “let”, moyo ukamwenda mbio. Safari hii hakutupigia sisi, alimwandikia msimamizi kwanza: “Just to confirm, what time can I leave on Thursday, and do I come in on Friday as usual?” Jibu likaja baada ya dakika chache. Alhamisi atoke saa tisa alasiri badala ya saa kumi na moja, na Ijumaa kazini kama kawaida.